Histogramu ya Rangi: Kagua Mipaka ya Namba Kwanza

Histogramu ya rangi, yaani grafu inayohesabu ni pikseli ngapi zina kila rangi, ikitoka ovyo, mara nyingi fomula haina kosa. Kosa liko kwenye mipaka ya namba, na ubaya wake ni kwamba programu hailalamiki: inakuchorea grafu safi kabisa, ila ya uongo. Maelezo haya yanahusu Python na OpenCV, maktaba ya kuchakata picha.

`cv2.imread` husoma picha kwa mpangilio wa BGR (bluu, kijani, nyekundu), wakati maktaba nyingine kama Pillow na matplotlib hutumia RGB (nyekundu, kijani, bluu). Chukua pikseli moja nyekundu tupu. OpenCV huishika kama (0, 0, 255). Ukiipitisha kwenye `COLOR_BGR2HSV` unapata H (namba ya aina ya rangi) ya 0. Ukitumia `COLOR_RGB2HSV` kimakosa, pikseli ileile inasomwa kuwa bluu na H inakuwa 120. Kwenye kijivu kosa hujificha vizuri zaidi. Fomula ni 0.299R + 0.587G + 0.114B, kwa hiyo nyekundu hiyo inatakiwa kutoa 76. Chaneli za R na B zikipinduana inatoa 29. Ukiitazama picha nzima ya kijivu huoni tatizo lolote, kwa hiyo macho si kipimo hapa. Pima kwa pikseli ambayo jibu lake unalijua.

HSV ndiyo inayosumbua wengi: H ni aina ya rangi, S ni ukolezi wake, V ni mwangaza. Digrii 360 za H hazitoshi kwenye uint8 (namba kamili za 0 hadi 255), hivyo OpenCV huzigawa kwa 2: H huanzia 0 hadi 179, na S na V 0 hadi 255. Rangi uliyoichagua kwenye programu ya kuchorea ikisomeka H 200, S 50%, V 80%, kwenye msimbo wako ni takriban (100, 128, 204). Ukitumia float32 (namba za desimali) mambo yanabadilika: H ni 0 hadi 360, S na V ni 0 hadi 1, na ni lazima ugawe picha kwa 255 kabla ya kubadilisha.

Lab, mfumo wa rangi wenye L ya mwanga na a na b za rangi, nayo ina yake. Katika uint8, L iliyotakiwa kuwa 0 hadi 100 huzidishwa kwa 255/100, na a na b huongezewa 128. Nyekundu yetu hutoka kama (136, 208, 195), ilhali Lab yake halisi ni karibu (53, 80, 67). Ukikokotoa umbali kati ya rangi mbili kwa namba za uint8, tofauti ya mwanga inahesabiwa zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Kwa kazi ya umbali tumia float32, bila mjadala.

Sasa histogramu yenyewe:

```python
import cv2

picha = cv2.imread("picha.jpg")
if picha is None:
    raise SystemExit("Picha haikusomeka")

hsv = cv2.cvtColor(picha, cv2.COLOR_BGR2HSV)
maski = cv2.inRange(hsv, (0, 40, 40), (179, 255, 255))
hist = cv2.calcHist([hsv], [0, 1], maski,
                    [30, 32], [0, 180, 0, 256])
cv2.normalize(hist, hist, 1, 0, cv2.NORM_L1)
```

Ukaguzi wa `None` upo kwa sababu `imread` ikipewa njia mbovu ya faili haisimamishi programu bali hurudisha `None`, kisha `cvtColor` ndiyo inayolipuka. Mpaka wa juu kwenye `calcHist` hauhesabiwi. Ukiandika [0, 255], pikseli zote zenye 255 zinaachwa nje, na hapa, kwenye S, hizo ndizo rangi zilizokolea kabisa.

Maski, yaani kichujio cha pikseli za kuhesabiwa, si pambo. Pikseli ya kijivu haina rangi ya kusema, lakini H yake lazima iwe na namba, na OpenCV huipa 0, yaani nyekundu. Picha yenye ukuta mweupe au kivuli kizito itaonyesha mlima wa nyekundu usiokuwepo. Hiyo 40 ni ya kuanzia tu. Picha zenye chembechembe nyingi huhitaji zaidi.

Halafu kuna nyekundu inayokatika katikati, kwa kuwa H ni duara na nyekundu iko pale linapoanzia na kuishia. Kwa mafungu 30 ya H tuliyoyaomba kwenye `calcHist`, kila fungu lina upana wa 6: nyekundu iko kwenye 0–5 na pia 174–179, ncha mbili za grafu. Dawa ni kusogeza H kabla ya kuhesabu, ila angalia: `(h + 90) % 180` kwenye uint8 inafurika. 179 + 90 ni 269, inakuwa 13, wakati jibu sahihi ni 89. Badilisha kwanza kuwa int16 (namba kamili zenye nafasi kubwa zaidi), au sogeza kwa 15 tu. Vivyo hivyo, punguza ukubwa wa picha ikiwa bado BGR. Ukipunguza ikiwa HSV, wastani wa 179 na 1 unatoka 90, na nyekundu mbili zinazaa samawati ya kijani.

Wakati wa kulinganisha histogramu mbili kwa `compareHist`, soma mwelekeo wa kipimo. `HISTCMP_CORREL` hutoa 1 histogramu zikilingana kabisa. `HISTCMP_BHATTACHARYYA` hutoa 0. Ukibadilisha kipimo ukasahau kugeuza upangaji, picha isiyofanana kabisa ndiyo itakayokaa juu ya orodha. `HISTCMP_INTERSECT` hujumlisha kile kidogo katika kila fungu, hivyo bila ule mstari wa `normalize` picha kubwa huwashinda wenzake kwa wingi wa pikseli tu.