Jioni ya Molekuli Moja

Ayoni ya sodiamu, yaani atomu ya sodiamu yenye chaji ya umeme, ni ndogo kuliko ayoni ya potasiamu. Sentensi hiyo ndiyo aliyoiandika mwalimu wangu ubaoni siku nilipojiunga na maabara yake nikitokea idara ya fizikia, na chini yake akaandika nyingine: utando wa neva una mifereji ya protini inayopitisha potasiamu kwa kasi kubwa na kuizuia sodiamu. Kisha akaketi, akaniacha nisome. Tundu linalompisha mkubwa na kumzuia mdogo ni jambo linalomnyima usingizi mtu aliyefundishwa fizikia, nami nilitembea na swali hilo kwa muda mrefu, hadi ilipofika jioni ninayotaka kuisimulia hapa.

Swali lenyewe lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana ubaoni. Mwaka 1952 wanasayansi Alan Hodgkin na Andrew Huxley walieleza, kwa vipimo walivyovifanya katika neva nene ya ngisi, jinsi ishara ya neva inavyozaliwa: sodiamu huingia kwanza kwa ghafla, kisha potasiamu hutoka na kuirudisha neva katika hali yake ya awali. Utando usioweza kutofautisha ayoni hizo mbili usingeweza kubeba ishara yoyote, na ubongo usingekuwa na kazi ya kufanya. Hata hivyo, Hodgkin na Huxley hawakuiona mifereji yenyewe. Walipima jumla ya mikondo, wakaandika milinganyo, na vizazi vilivyofuata vikaachiwa kazi ya kutafuta ni kitu gani hasa kinachofunguka.

Protini tuliyoitumia sisi haikutoka katika neva. Ilikuwa KcsA, mfereji wa potasiamu wa Streptomyces lividans, bakteria wa udongoni asiye na neva hata moja. Bakteria hutuwezesha kutengeneza protini kwa wingi, na sehemu ya mfereji huo inayochuja ayoni ina mpangilio wa asidi amino, viungo vinavyojenga protini, unaofanana mno na ule wa mifereji ya neva za wanyama. Kila protini iliposafishwa, fungu moja lilipelekwa chumba cha fuwele, ambako protini huoteshwa kuwa fuwele ili umbo lake lisomwe kwa eksirei, na fungu la pili likaletwa chumba cha umeme, nilikokuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha kwamba protini hiyo, baada ya kuchomolewa kutoka katika seli yake na kuoshwa kwa sabuni za maabara, bado ilikuwa hai kwa maana pekee tuliyoijali: je, inapitisha mkondo?

Chombo chetu kilikuwa na vyumba viwili vidogo vya maji ya chumvi ya potasiamu, vikitenganishwa na ukuta mwembamba wa plastiki wenye tundu lisilofika milimita moja. Juu ya tundu hilo tulipaka lipidi, molekuli za mafuta zinazojenga utando wa seli, kwa brashi nyembamba, kisha tukatazama kwa darubini. Mwanzoni tabaka hilo hung'aa kwa rangi za upinde wa mvua, na linapozidi kuwa jembamba rangi hupotea, na mahali pake hutokea doa jeusi linalotanuka. Weusi huo ni fizikia tupu: utando umebaki na unene wa molekuli mbili tu za lipidi, takribani nanomita 4 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), kiasi kwamba mwanga unaoakisiwa na uso wa mbele na ule unaoakisiwa na uso wa nyuma hufutana. Mwalimu aliniambia nisiupite weusi huo haraka, kwa sababu kanuni ileile ya mawimbi kujumlishana na kufutana ndiyo waliyoitumia akina Bragg, baba na mwana, mwaka 1913 kusoma mpangilio wa atomi ndani ya fuwele kwa eksirei. Chumba cha jirani kiliishi kwa kanuni hiyo kila siku.

Tuliongeza protini, tukafunga kizimba cha Faraday, yaani kizimba cha chuma kinachozuia kelele za umeme kutoka nje, tukaweka milivolti 100. Tarakimu hiyo ni ndogo, lakini ukiigawanya kwa unene wa utando unapata volti milioni 25 kwa kila mita, na ndani ya uga wa namna hiyo ndimo molekuli za neva zinamofanyia kazi maisha yao yote. Upande mmoja tulitia asidi, kwa kuwa KcsA hufunguka pale upande wake wa ndani unapokutana na asidi. Mifereji iliyojipachika kinyume ingebaki imefungwa, nasi tungejua tunasoma upande upi.

Mstari kwenye skrini ulikaa umelala kwa muda mrefu. Mwalimu, ambaye nywele zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe katika kazi hii, alikaa nyuma yangu bila kusema kitu. Halafu mstari ukaruka. Haukupanda taratibu wala haukuyumba; uliruka mara moja hadi kimo fulani, ukakaa hapo, ukaanguka mara moja hadi ulikotoka. Ukaruka tena, na kimo kikawa kilekile.

"Mwanangu," alisema Mwalimu, "hiyo ni moja."

Alimaanisha molekuli moja. Nilikuwa nimesoma kwamba Erwin Neher na Bert Sakmann walirekodi mikondo ya mfereji mmoja mmoja mwaka 1976, na kwamba walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1991 kwa ajili ya kazi hiyo, lakini kusoma hakukuniandaa. Katika fizikia niliyofundishwa, molekuli hujulikana kwa wingi wake: joto, shinikizo na mkondo ni wastani wa umati usiohesabika. Hapa kitu kimoja, kidogo kuliko urefu wa wimbi lolote la mwanga ambalo jicho linaweza kuliona, kilikuwa kikibadilika umbo mbele yangu, na mabadiliko yake yalikuwa na saa na dakika.

Mwalimu alinitaka nihesabu palepale. Kimo cha mruko kilikuwa takribani pikoampia 10, yaani sehemu kumi za trilioni za ampia, na pikoampia moja ni ayoni zaidi ya milioni 6 kwa sekunde. Kwa hiyo mfereji mmoja ulikuwa ukipitisha ayoni zaidi ya milioni 60 kila sekunde. Mruko uliodumu milisekunde 20 ulikuwa umevusha ayoni zaidi ya milioni moja, moja baada ya nyingine. Kasi hiyo inakaribia kasi ambayo ayoni zingekuwa nayo katika maji matupu, na bado mfereji ulikuwa ukichagua.

Uchaguzi huo tuliushuhudia baadaye jioni hiyohiyo. Kwa bomba mbili za sindano, moja ikiingiza na nyingine ikitoa kwa mwendo wa polepole sana ili utando usipasuke, tulibadilisha maji ya vyumba vyote viwili kutoka chumvi ya potasiamu hadi chumvi ya sodiamu. Utando ulikuwa uleule, volteji ileile, protini ileile. Mstari ulilala. Tuliporudisha potasiamu, miruko ilirejea kwa kimo chake cha awali.

Ndipo Mwalimu aliponichukua hadi chumba cha fuwele na kunionyesha kwenye kompyuta umbo ambalo Roderick MacKinnon na wenzake walilichapisha mwaka 1998. MacKinnon alikuwa daktari aliyegeukia umeme wa mifereji, kisha akajifunza kristalografia, elimu ya kusoma umbo la molekuli kutoka katika fuwele, kwa sababu aliamini kwamba swali lake halingejibiwa kwa njia nyingine. Namheshimu kwa uamuzi huo hata kuliko kwa Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 2003. Vipande vinne vya protini vinavyofanana vimezunguka njia moja, na sehemu nyembamba ya njia hiyo, yenye urefu wa angstromu 12 hivi, yaani nanomita 1.2, imepambwa kwa atomi za oksijeni zinazotazama ndani. Ayoni iliyo majini huzungukwa na oksijeni za molekuli za maji, na haiwezi kuingia katika njia nyembamba bila kuyavua maji hayo, jambo linalogharimu nishati. Oksijeni za mfereji zimekaa katika umbali unaoilipa potasiamu gharama hiyo karibu yote. Sodiamu, kwa udogo wake, huyashika maji kwa nguvu zaidi, na ikiyavua haipati oksijeni zilizo karibu vya kutosha kuilipa. Mdogo huzuiwa kwa sababu ya udogo wake. Nilikaa mbele ya umbo hilo nikikumbuka mstari uliolala.

Lakini picha ya fuwele ni wastani wa molekuli nyingi mno zilizogandishwa pamoja. Inaonyesha vituo vinne ambamo potasiamu inaweza kukaa, bila kusema ni vituo vipi vilivyojaa kwa wakati mmoja. Mkondo, kwa upande wake, hutupa wakati bila mahali. Mwaka 1955, miaka 43 kabla ya umbo hilo kujulikana, Hodgkin na Richard Keynes walipima potasiamu yenye mionzi katika neva za dome, jamaa ya ngisi, wakahitimisha kwamba ayoni hupita kwa foleni moja, mbili au tatu zikiwa njiani kwa pamoja. Walitengeneza hata kisanduku chenye gololi za kutikiswa ili kujaribu wazo lao. Kwangu mimi, hiyo ni miongoni mwa hoja bora zilizowahi kujengwa juu ya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona. Kilichobaki kikibishaniwa ni kama katika foleni hiyo kuna molekuli ya maji kati ya ayoni na ayoni, au kama ayoni husukumana moja kwa moja, kama hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2014 zilivyodai.

Nilimwomba Mwalimu anikabidhi swali hilo la maji. Alikubali, kwa sharti kwamba nijifunze kwanza kuotesha fuwele kwa mikono yangu mwenyewe, na kwamba nisiache kurekodi mikondo wakati nikijifunza.