Globu za LED, ndoo nne za maji na ukuta wa jirani

Aliyeniambia kuhusu taa za gari "weka LED tu, utaona mwenyewe" alisema kweli. Niliona. Walioacha kuona ni wale waliokuwa wanakuja mbele yangu.

Gari langu ni Toyota IST, lile toleo la kwanza, na kila baada ya miezi miwili mitatu natoka nalo Dar kwenda Korogwe kwa mama. Kazini hawaniachii mapema, kwa hiyo Chalinze naipita giza limeshaingia, na kutoka pale hadi Segera ni mimi, malori na baiskeli za mkaa zisizo na taa. Taa zangu zilikuwa kibatari. Usiku mmoja karibu na Kabuku nilimkuta mwenye baiskeli yuko hatua chache mbele ya boneti. Nikapinda usukani, tukapishana, na sijui kati yetu nani alimtaja Mungu kwa sauti zaidi.

Niliporudi Dar nikawa nauliza watu. Shemeji yangu: LED. Vijana wa kijiweni: LED. Fundi wa AC ambaye hata sikumuuliza: LED, tena zile nyeupe kabisa. Hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama kioo cha taa yenyewe, na mimi pia sikuinama. Kaeni na hilo, nitalirudia.

Nikaenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar. Gari linatumia globu ya H4, ile ya miguu mitatu yenye fulu (mwanga wa mbali) na dimu (mwanga wa karibu) humo humo. Muuzaji akanitolea boksi linalometameta limeandikwa wati 200, lumeni 20,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Jozi kwa elfu thelathini na kitu, na tulivutana mpaka akanipunguzia ya soda. Hapo ndipo nilipaswa kucheka na kuondoka. H4 ya kawaida ni wati 55 kwenye dimu na 60 kwenye fulu, na kiwango chake cha kimataifa ni lumeni 1,000 kwa dimu na 1,650 kwa fulu. Sasa huyu ananiuzia mara ishirini kwa bei ya kuku wawili! Halafu wati 200 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 16, na fyuzi ya taa kwenye gari langu imeandikwa 10. Ingekuwa kweli, fyuzi ingeungua kabla sijatoka kwenye maegesho. Baadaye niliazima mita ya kupimia umeme, nikachomoa fyuzi ya upande mmoja, nikaegesha ncha za mita mahali pake: ampea 1.6. Wati ishirini na ushee. Kumbe kwenye boksi waliongeza sifuri moja tu.

Fundi alizifunga kwa dakika kumi. Nyuma zina feni, na feni haikupita kwenye ule mpira unaozuia vumbi, basi akatoa wembe akaukata mpira. Nikamuuliza vumbi litaingia? "Haina shida, bosi." Sentensi hiyo imenigharimu pesa nyingi maishani kuliko mchango wa harusi yoyote.

Jioni ile nilikuwa mfalme. Nilisimamisha gari mbele ya geti, ukuta ukawa mweupe kama chumba cha upasuaji. Nikamwita mke wangu atoke aone. Akatoka, akatazama, akasema zinamuumiza macho, akarudi ndani kwenye tamthilia yake. Nikasema wivu.

Barabarani ikawa balaa. Kila gari lililokuja lilinipigia fulu. Natumia dimu, naangalia tena dashibodi, ni dimu, na bado wananipigia. Boda mmoja pale Mbezi alisimama dirishani kwangu akanitukana kwa utaratibu, neno moja moja, ili nisipoteze hata moja. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa naona mbali! Mita kumi mbele ya gari palikuwa mchana, majani ya miembe kule juu yalionekana hadi mishipa yake, lakini ile barabara yenyewe kati ya hapa na kule ilikuwa giza lile lile la zamani.

Redio nayo ikaanza kukoroma. Ukiwasha taa, shhhhh. Ukizima, mtangazaji anarudi. Siku ya mechi ya Simba na Yanga nilifika mahali nikaegesha pembeni na kuzima taa ili nisikie nani kafunga. Sikutaka kusema kafunga nani, na sitasema.

Halafu masika. Kupitia ule mpira uliokatwa maji yakaingia ndani ya taa, kioo kikawa na ukungu kama dirisha la daladala lililojaa watu wakati wa mvua. Feni ya kushoto ikaanza kulia kama mbu, kisha ikanyamaza, na siku chache baadaye globu ikafa. Nikabaki na jicho moja. Trafiki alinisimamisha, na hilo tuliache.

Nilirudisha globu za zamani kwa hasira, na ndipo, kwa mara ya kwanza, nikainama nikatazama kioo. Kilikuwa cha manjano kama kucha za mvuta sigara. Vioo hivi ni plastiki, jua linavila miaka na miaka. Kijiweni wakaniambia nipake dawa ya meno. Nilimaliza tyubu nzima, gari likanukia mnanaa, vikang'aa kweli, na baada ya wiki mbili manjano ikarudi. Kinachofanya kazi ni msasa wa maji, namba 1000 kisha 2000, unasugua huku unamwagia maji mpaka yale yanayochuruzika yaache kuwa na rangi ya maziwa ya chai, halafu polishi, halafu unavipulizia kinga ya jua. Usipopuliza hiyo ya mwisho umefanya kazi ya bure. Nililipa elfu ishirini hivi kwa vyote viwili.

Usiku huo nikawasha globu zangu za kawaida, zile zile za bei ya sahani ya chipsi kuku. Nikaona barabara. Nilikaa kwenye gari dakika nzima bila kusema kitu.

Mwenye akili angeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshachekwa sana kijiweni, na mtu aliyechekwa hana akili. Nikatafuta jozi nyingine, safari hii ya laki na kidogo, na sikuangalia wati wala lumeni. Niliangalia jambo moja: vile vitone vya mwanga vimekaa mahali pale pale ambapo waya hukaa kwenye globu ya kawaida, na vile vya dimu vina kijiko chake cha chuma. Hicho kijiko ndicho siri ya H4. Kinazuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya bakuli la taa (lile linalong'aa ndani na kuakisi mwanga), unapiga nusu ya juu tu, ambayo inautupa chini barabarani. Mwanga ukiipata ile nusu ya chini unaruka juu, unaingia kwenye macho ya mwenye lori. Tena nilichukua zisizo za buluu sana. Zile nyeupe za buluu kwenye lami iliyolowa hazionyeshi kitu, waulizeni wanaopanda Lushoto na ukungu.

Maelekezo kwenye karatasi yalisema vitone vitazame saa tatu na saa tisa. Hapa nilikwama, kwa sababu saa ya nani? Mshale ukiwa kwenye 3 kwetu ni saa tisa, ukiwa kwenye 9 kwetu ni saa tatu. Nikahesabu kwa vidole pale pale chini ya boneti, kisha nikacheka peke yangu: ukikosea saa, unapata jibu lile lile, kushoto na kulia. Fundi wangu wa kwanza ndiye hakuwa na utetezi hata kwa saa zetu, maana niliporudi kuzitazama zile zilizokufa, aliziweka zimetazama juu na chini. Ndiyo maana niliona majani ya miembe.

Kufunga nilifunga mwenyewe. Unaitoa ile shingo ya chuma kwenye globu, unaifunga kwanza, unarudisha mpira mzima mzima (nilinunua mpya), kisha unaingiza globu na kuizungusha. Hamna wembe.

Sasa ukuta, wa kupimia taa zinamulika wapi. Kwetu hakuna nafasi ya mita kumi, kwa hiyo nilitumia mita tano mbele ya ukuta wa jirani, mahali ardhi iko sawa. Nikapima kwa futikamba kutoka chini hadi katikati ya globu: sentimita 68. Ukutani nikabandika selotepu kwenye 63, kwa sababu mwanga wa dimu unapaswa kushuka kama sentimita moja kwa kila mita. Nikafunika taa moja kwa fulana, nikawa nazungusha skrubu ya nyingine kwa bisibisi, natazama ule mstari ambapo mwanga unakatika. Na ukikatika vizuri unapendeza: umenyooka upande wa kulia, kisha unapanda kidogo kushoto ili uonyeshe wanaotembea pembeni. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, hapo hatuna tatizo.

Jirani akafungua geti. "Shemeji, kwema? Unatafuta nini ukutani kwetu usiku huu?"

"Napima taa, shemeji."

Akatazama selotepu, akatazama fulana yangu juu ya taa, akafunga geti taratibu sana.

Lakini nikakumbuka kwamba Korogwe siendi mtupu. Nikienda nabeba mchele, nikirudi nabeba kila kitu, na gari likielemewa nyuma pua inainuka na taa zinapanda. Nilimwomba mke wangu akae kiti cha nyuma nipime. Jibu lake silirudii. Basi nikawaza: lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo nne za lita ishirini, kilo themanini, na haziongei! Nikazipanga kwenye buti, nikarudi mbele, mstari ukawa umepanda juu ya selotepu kabisa. Ndipo nikakigundua kile kigurudumu kidogo upande wa kulia wa usukani, chenye namba 0 hadi 5, ambacho kwa miaka yote nilidhani ni cha mwanga wa dashibodi. Nikakizungusha hadi 2, mstari ukashuka ukakaa kwenye selotepu kama mtoto aliyeitwa na baba. Niliruka. Nusu ya ndoo moja ilimwagika kwenye buti, na zulia lilinuka wiki.

Kukoroma kwa redio nilikumaliza kwa kitu cha bure. Mnakijua kile kidude cheusi kama pipa dogo kwenye waya wa kompyuta za zamani? Kazi yake ni kuzuia makelele ya umeme. Stoo kulikuwa na skrini mbovu, nikakata waya zake mbili, nikapasua plastiki kwa kisu nikavitoa vile vipipa, nikapitisha waya wa kila globu, kisha kile kiboksi kinachoilisha globu umeme nikakifunga mbali na waya wa antena. Redio sasa inakoroma kidogo tu pale mawimbi yanapokuwa hafifu, nako ni kosa la milima.

Binamu yangu aliyeko Uingereza alinicheka nilipomweleza. Kwao gari la taa za kawaida likipelekwa kwenye ukaguzi wa mwaka na globu za LED linafeli. Ujerumani walianza kuziruhusu mwaka 2020, nako ni globu fulani kwa aina fulani ya gari, iliyopimwa. Nikamwambia hapa mpimaji ni mimi na ndoo.

Safari iliyofuata niliondoka saa kumi na moja jioni. Chalinze hadi Segera nilipigiwa fulu mara moja, na basi ambalo nalo lilikuwa na zile za boksi linalometameta. Baiskeli za mkaa naziona mapema, naona hadi kamba iliyofungia gunia. Kwenda, na mchele wa mama, kigurudumu nakiweka 2. Kurudi, na machungwa, ndizi, na kuku ambaye hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi, ni 3.