Penye turubai

Huu ni mwaka wa 11 natembea kwa miguu kutoka Makorora hadi kibandani kwangu karibu na soko la Mgandini, hapa Tanga mjini, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Ni fundi cherehani. Mkononi huwa na mfuko wa vitambaa na chupa ya chai, na pengine ndiyo maana wenye magari wakiniona hujua huyu ni mtu wa hapa. Wiki haipiti bila gari kusimama ubavuni mwangu: "Samahani mama, Barabara ya 12 ni ipi?"

Mgeni akiingia Ngamiani huona akishapewa namba ya barabara, mambo yamekwisha. Kweli mitaa yetu ni ya namba, na ukivuka miwili tu utajua unapanda au unashuka. Shida ni kwamba barabara moja ni ndefu. Mtu akiniambia anatafuta nyumba Barabara ya 12, bado hajanipa kitu. Upande gani? Karibu na msikiti upi? Kwa nani? Simu yake imeshamwambia amefika, na alipofika ni ukutani kwa jirani asiyemjua.

Halafu kuna hili la kusimama lenyewe. Huku kwetu gari linapita kushoto na usukani uko kulia, kwa hiyo dereva akiegesha kando yangu, kati yetu kuna kiti kizima. Mwenye adabu hushusha kioo cha upande wangu, hupunguza muziki, huinama, hunisalimu. Mwingine husimama katikati ya njia, anapiga honi, ananiita kwa mkono nizunguke hadi dirishani kwake. Nizunguke niende wapi? Mgongoni mwangu bajaji zinapita, bodaboda zinapita, na baiskeli za Tanga hazina honi wala mlio. Sizunguki. Nasimama kwenye vumbi langu la pembeni nikimngoja asogee, na binti yangu nimemfundisha hivyo hivyo, tena yeye nimemwambia asimame mbali na mlango kiasi mkono wa mtu usimfikie.

Salamu naidai, nayo siidai kwa kujiona. Wakati mtu ananiambia shikamoo na mimi namjibu marahaba, macho yangu yanaingia ndani ya gari. Naona kama kuna mgonjwa kalazwa kiti cha nyuma, kama kuna watoto wamechoka, kama kuna mtu aliyetoka kulia. Anayetafuta Hospitali ya Bombo na mgonjwa wake simwelekezi kwa mdomo hata siku moja. Naita kijana wa bodaboda amtangulie.

Siku ninayotaka kuieleza, salamu ilitolewa vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyeharibu.

Ilikuwa Jumamosi, saa sita imepita kidogo, narudi nyumbani mapema. Gari dogo jeupe lenye matope mpaka milangoni likasimama taratibu. Dereva kijana, nyuma wanawake watatu, na katikati yao bibi mmoja kajifunika khanga mpaka kwenye paji la uso. Kijana akasema wametoka Korogwe tangu alfajiri, gari limewaharibikia njiani, wanatafuta msibani. Namba ya barabara waliyopewa imepotea na simu iliyozimika. "Ni hapa Ngamiani, mama. Wametuambia tutaona turubai."

Turubai nilikuwa nimeliona asubuhi, Barabara ya 9, la buluu, limefungwa kwenye nguzo ya umeme na mti wa mwarobaini, wanaume wamekaa kwenye mabenchi, sufuria kubwa ziko nje. Sikuuliza marehemu ni nani. Wala sikuuliza ni mwanamume au mwanamke. Nilinyoosha mkono kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa mtaa huu, nikasema: "Nyooka, kona ya pili mkono wa kushoto, mbele kidogo tu." Yule bibi akafunua khanga kidogo, akasema, "Mungu akulipe, mwanangu."

Siku hiyo Ngamiani kulikuwa na misiba miwili. Wa pili ulikuwa Barabara ya 14.

Walifika nilikowatuma. Wakapokewa kama wanavyopokewa watu wa msibani: hakuna anayemuuliza mwenye kulia katoka wapi. Bibi akaingizwa ndani kwa wanawake, akakalishwa mkekani, akapewa maji. Akalia na waliokuwa wakilia. Waliweka na ubani wao. Mpaka ilipotajwa kwamba jeneza litatoka baada ya adhuhuri, bibi akaomba amtazame kaka yake mara ya mwisho, ndipo mwenye nyumba akamshika mkono na kumwambia, "Bibi, sisi tumefiwa na mama yetu."

Wakatoka mbio. Watu wa nyumba ile waliwapa kijana wa kuwaongoza, Mungu awabariki. Walipofika Barabara ya 14, turubai lipo, mabenchi hayana watu. Wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza.

Haya yote nilisikia jioni ya Jumapili. Yule kijana alinifuata mpaka nyumbani, kwa kuulizia mama fundi anayepita na chupa ya chai. Nilidhani amekuja kunigombeza, na ningestahili. Alisimama mlangoni, akabisha hodi, akasema, "Mama, jana tulifika. Ila tulikuta ameshatoka." Hakuongeza neno la lawama. Alikuja kwa sababu bibi alitaka nijue walifika, nisikae na wasiwasi.

Usiku ule sikulala. Niliwaza ingenichukua nini kuuliza jina. Pumzi moja. Lakini sisi watu wa hapa tuna ugonjwa wa kuona aibu kusema sijui, hasa mbele ya mgeni, kwa hiyo tunampa chochote tulicho nacho. Tunamwambia "mbele kidogo" na hatusemi kidogo ya miguu au ya gari. Tunamwambia akate kona penye mwembe, na mwembe wenyewe ulikatwa kabla hajazaliwa. Nimewahi kumsikia mzee anawapa wageni njia ya magofu ya Tongoni huku ananyooshea kidole barabara ya Horohoro. Horohoro ni njia ya mapango ya Amboni. Tongoni iko njia ya Pangani, upande mwingine kabisa. Wale wageni walimshukuru sana, wakaondoka.

Tangu Jumamosi ile naanza na jina. "Kwa nani?" Kisha namwambia ampigie mwenyeji, na simu anipe mimi, niongee naye lugha ya mtaa: nyuma ya duka gani, mkabala na mashine ipi. Akikosa simu na mimi sijui, nasema sijui, nampeleka kwa mjumbe au kwa vijana wa bodaboda pale kijiweni. Kuna madereva hukasirika, huondoa gari nikiwa katikati ya neno. Waende.

Siku ya tatu nilikwenda Barabara ya 14. Nilibeba sukari kilo mbili na mikono yangu ikitetemeka. Bibi alikuwa amekaa peke yake kwenye mkeka, khanga ile ile. Nilipiga magoti nikaomba radhi. Alinishika kichwani, akasema yule mama wa Barabara ya 9 naye alihitaji wa kumlilia. Kisha akaniuliza kama nilimjua kaka yake. Nikamwambia sikumjua. Akanisimulia habari zake mpaka alasiri.

Walipokuwa wanaondoka, kijana aliwasha gari, akashusha kioo cha upande wangu, akauliza njia nzuri ya kutokea kuelekea Kange waishike barabara ya Korogwe. Nilifungua mlango wa mbele nikaingia. Niliwaonyesha kona moja moja mpaka Kange, nikashuka, nikangoja gari lipotee, nikarudi na daladala.