Kusikiliza kwa Kalamu: Kumbukumbu ya Mradi Wangu wa Taarab

Januari

Nimeanza. Kazi yenyewe ni kuandika daftarini, neno kwa neno, nyimbo 20 za taarab ya zamani kutoka kwenye santuri zilizorekodiwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Rafiki yangu anayekusanya santuri amenipa nakala alizozihamishia kwenye kompyuta. Nimezisikiliza wiki nzima, asubuhi na usiku, nikagundua kwamba nazipenda bila kuzielewa. Kiitikio nakiimba vizuri tu, ila ukiniuliza ubeti wa pili unasema nini, sina jibu. Jambo hilo limeniuma. Maneno ni ya Kiswahili, lugha niliyoinyonya, halafu yananipita masikioni kama mlio wa fidla.

Nimechagua santuri za wakati ule kwa sababu. Taarab ya kasri la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay na wenzake kurekodiwa na kampuni ya HMV, na sauti yake ikaanza kuingia majumbani mwa watu wa mwambao kwa lugha yao wenyewe. Anayetaka kujua taarab ya Kiswahili ilisikikaje enzi hizo hana pengine pa kuanzia.

Februari

Nyimbo 3 tu kwa mwezi mzima. Nilidhani programu ya kupunguza mwendo ingenirahisishia kila kitu. Inasaidia kidogo, lakini ukiuvuta wimbo kupita kiasi konsonanti zinayeyuka, p na b zinakuwa kitu kimoja, na ule mkwaruzo wa sindano unavimba hadi unafunika mwimbaji. Sasa naupunguza kidogo sana, nasikiliza kipande kimoja mara kumi, nafumba macho.

Kilichoniokoa ni mizani, yaani silabi za mstari. Nilifundishwa shuleni kuhesabu mizani kama adhabu ya mtihani, 8 ukwapi, ile nusu ya kwanza ya mstari, 8 utao, nusu ya pili, na sikuwahi kufikiri kwamba kuhesabu huko kunaweza kunipa masikio. Nitoe mfano wa mstari niliotunga mwenyewe, ili nieleze ninachokifanya:

Moyo wangu umechoka, kwa mzigo wa kungoja.

Mwimbaji haimbi hivyo. Anasema "moyo", anauzungusha, anatia "ee", anatia "bwana", anarudia "moyo wangu", ndipo anafika kwenye kuchoka. Kwa hiyo kwanza naandika kila kitu kinachotoka kinywani mwake, kisha navua mapambo, kisha nahesabu kwa vidole. Kipande cha kwanza: mo-yo wa-ngu u-me-cho-ka, 8, kimetimia. Cha pili nasikia "kwa zigo wa kungoja". Hiyo ni 7. Mizani moja imepotea, na kwa mtunzi wa shairi la aina hii mizani haipotei hivi hivi. Narudi kusikiliza nikijua natafuta nini, na hapo naisikia: m ya "mzigo". Midomo imefungwa, sauti imebaki puani kwa nukta moja, halafu z ikafunguka. Ni mizani kamili, imejificha chini ya mkwaruzo. Nisingehesabu nisingeisikia.

Mara ya kwanza jambo hili liliponitokea kwenye wimbo wa kweli nilisimama nikazunguka chumba.

Machi

Wimbo wa 4 ulinikwamisha siku tisa kwa neno moja. Nilikuwa nimeandika "moto", lakini neno lililofuata lilikuwa "yako", wazi kabisa, mara zote mbili. Moto wako, si moto yako. Mtunzi aliyepanga vina kwa ustadi ule hawezi kukosea ngeli. Nikajua kosa ni langu, ila nilishindwa kuliona.

Jioni nikachukua simu nikaenda kwa bibi mmoja jirani yetu ambaye ujana wake wote aliupitisha kwenye taarab.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na kelele zako?"

Nikampigia kile kipande. Akasikiliza ameinamisha kichwa, mkono mmoja umeshika upande wa sikio.

"Hebu rudisha." Nikarudisha. "Mato hayo, mwanangu. Mato. Macho."

"Lakini bibi, sisi hapa Unguja tunasema macho."

"Tunasema, ndiyo. Mtunzi hakai Unguja peke yake."

Na ndivyo ilivyo. Watunzi wa mwambao wamezoea kuchota maneno ya Kiamu na Kimvita, lahaja za Lamu na Mombasa, wanapotunga: mato, matozi, nti. Yana ladha ya ushairi wa kale, na mara nyingine yanakupa kina ambacho Kiunguja hakina. Nikarudi nyumbani nikapitia nyimbo zote nilizokwisha kuandika. Kwenye wimbo wa 2 nilikuta "mti hii". Nilikuwa nimeupita nikidhani mwimbaji kateleza ulimi. Ilikuwa "nti hii". Nchi. Ubeti mzima ukageuka maana mbele ya macho yangu, kutoka kivuli cha mti hadi mtu anayelia kwa kuwa mbali na kwao.

Aprili

Nimesoma tena Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Utotoni nilikisoma kama kitabu cha maadili. Safari hii nimekisoma nikijua kwamba mwandishi naye ni mshairi anayemwandika mwimbaji wa mashairi, na nikaona jinsi sentensi zake zinavyotembea kwa mizani hata pale asipotunga. Tarehe ni chache, heshima ni nyingi. Ningetamani kurasa zaidi juu ya namna Siti alivyojifunza kuimba, lakini nashukuru kipo.

Nyimbo zimefika 6.

Juni

Usiku wa taarab, Mji Mkongwe. Nilikaa pembeni na daftari mapajani. Kundi kubwa: fidla safu nzima, kanuni na udi, ala za nyuzi, akodioni, besi, na ngoma ya dumbak. Ndiyo sura ya taarab iliyokuzwa na vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club, cha 1958, mbali sana na kile kikundi cha watu wachache ninachokisikia kwenye santuri.

Katikati ya wimbo wa tatu, mwanamke mmoja aliyevaa buibui aliinuka kutoka safu ya nyuma. Hakuwa na haraka. Alikunja noti kwa urefu, akaishika juu kwa vidole viwili, akaja taratibu kwa mwendo wa dumbak, mabega tu ndiyo yanacheza. Mwimbaji alimwona tangu mbali. Alikuwa amemaliza mstari wa pili wa ubeti, lakini hakwenda wa tatu. Akarudia ule wa pili. Fidla zikaujibu. Akaurudia tena, mara hii akamtazama yule mama, na yule mama akatikisa kichwa kana kwamba anaambiwa siri yake. Mara nne mstari mmoja, hadi noti ikafika mkononi na mama akageuka kurudi kitini, na nyuma yake wakawa wameshainuka wengine watatu.

Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, na nilichoandika ni "x4". Nikaitazama hiyo "x4" nikaona aibu. Maana yote ya dakika ile ilikuwa humo, nami nimeifanya alama ya hesabu.

Usiku huo sikulala vizuri. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 unachukua dakika 3 na kidogo, basi. Ndani ya chumba cha kurekodia hakuna mama wa kuinuka, hakuna wa kutunza, na saa inakimbia. Kwa hiyo beti nilizokuwa naziona nadhifu kwenye santuri, nikisifu ufupi wake, zilibanwa na duara la santuri. Kwenye hadhara mstari huohuo ungeweza kukaa muda wote ambao mtu mmoja anauhitaji.

Julai

Nimeanza daftari upya. Sasa kila wimbo una kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto shairi, limevuliwa mapambo, mizani zimetimia, vina mahali pake. Kulia wimbo: kila "ee", kila "bwana", kila marudio, mahali fidla inapojibu, mahali mwimbaji anapokata neno kati kati ili avute pumzi. Mwanzoni niliyaita haya mapambo. Siyaiti hivyo tena. Mtunzi alifanya kazi yake, mwimbaji naye akafanya yake juu ya ile, na kila mmoja anastahili ukurasa.

Kazi imeongezeka maradufu. Nyimbo 8.

Agosti

Nimeitazama ile filamu ya 2006 inayomhusu Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar. Aliimba nyimbo za Siti hadi uzeeni; alifariki Aprili 2013. Sikuandika maneno hata kidogo. Nilimtazama mabega na shingo, nikitafuta pumzi anaivuta wapi, kisha nikarudi kwenye ukurasa wa kulia wa nyimbo mbili nikarekebisha alama zangu.

Septemba

Nyimbo 11, na ya 11 ina pengo. Ubeti wa tatu, mwisho wa ukwapi, neno moja limezama kabisa. Kwa mizani najua ni neno la mizani 3. Kwa vina najua linaishia na -ka. Nimeandika orodha pembeni: kuwaka, kucheka, kushika, kuruka. Moja linakaa vizuri mno, linafanya ubeti uwake, na kwa siku mbili nilikuwa nimeliandika kwa wino. Kisha nikalikata. Nililipenda kwa sababu ni langu.

Nilikwenda kwa bibi. Akasikiliza mara tatu, ya nne akanizuia mkono nisirudishe.

"Hapo mwimbaji kalimeza mwenyewe," akasema. "Liache alikoliweka."

Kushoto nimeweka vitone vitatu, halafu -ka. Kulia nimeandika: amelimeza.