Seli zangu hazimtaki

Jana mtoto kaniuliza kwa nini mgonjwa asipewe figo ya mtu yeyote tu, si zote figo? Nikaanza kumweleza, katikati nikacheka peke yangu, nikamkumbuka yule jamaa wa maabara.

Tulitaka kuona seli za mtu mmoja zinajibu vipi zikikutana na za mwingine. Wachangiaji wa damu walikuwa hawajapatikana, tukasema basi tutumie damu zetu wenyewe. Mambo ya sindano na mashine ya kuzungusha nayaruka. Tukishapata seli nyeupe, zake tukazipiga mionzi zisiweze kugawanyika, zikae tu za kuchokoza, zangu ndo zijibu. Tukazichanganya kwenye visima vidogo vya sahani ya plastiki, tukaziweka kwenye joto la nyuzi 37. Visima vingine tukaweka zangu kwa zangu, maana bila hivyo utajuaje kama fujo imeletwa na mgeni au ni yako mwenyewe?

Kipimo hiki kinataka siku 5 au 6 hivi. Siku ya kuangalia, hata sijagusa hadubini nikaona visima vya zangu kwa zangu bado vyekundu, vya mchanganyiko vimeanza kugeuka njano, kwa sababu seli zikila na kuzaana zinatoa asidi na ile rangi iliyo kwenye maji ya kuzikuzia inabadilika. Kuchungulia sasa! Huku seli moja moja, zimetawanyika, zimetulia zake. Kule mafungu mafungu, zimeng'ang'aniana, nyingine zimevimba kabisa, yaani nilikaa pale nasogeza sahani kisima hadi kisima narudi tena, mpaka jamaa akanisukuma naye aone. Akanyamaza kidogo. "Kumbe hunipendi, mzee."

Na hatujawahi kuongezewa damu sisi, wala kupandikizwa chochote! Kirusi ambacho hujawahi kukutana nacho, seli T zako, zile seli nyeupe za kutambua wageni, zinazoweza kukitambua ni chache mno, lakini kwa HLA za mtu baki, yaani alama za juu ya seli zinazotofautiana mtu na mtu, zinaweza kufika asilimia 1 hadi 10. Sijui niite uadui, maana seli hazijui huyu ni rafiki yako mnakula pamoja, labda zinafanya tu kazi yake, tena kwa bidii iliyopitiliza.

Jamaa hakukubali yaishe hivyo, akadai tugeuze, zangu zipigwe mionzi zake zijibu. Tukageuza. Zake zikanikataa vibaya zaidi, na kicheko alichocheka siku hiyo, we acha tu.