Mwaka wa kuzaliwa wa bibi

Bibi alifariki mwezi wa Mei, uwele ukiwa umeiva shambani. Tulimzika hapa hapa Kongwa, karibu na mbuyu aliokuwa akikaa chini yake kuchambua mlenda. Fundi wa msalaba alipokuja kuchukua maandishi akauliza swali dogo tu: "Kuzaliwa niandike lini?" Tukabaki tunatazamana.

Kitambulisho chake kilisema 1952. Mama mdogo akataka tuandike hiyo hiyo, yaishe. Nikakataa. Bibi mwenyewe alishatuambia mwaka ule ulivyopatikana: karani alimtazama usoni, akakadiria, akaandika. Tena mjomba, mtoto wake wa kwanza, cheti chake cha ubatizo ni cha mwaka 1959. Mama wa miaka saba! Iliniuma sana kwamba mtu aliyetulea wajukuu kumi na wanne aende hadi kaburini na umri wa kubahatisha. Nikawaomba wanipe muda hadi arobaini.

Nilianza na yale aliyokuwa akitusimulia tukitwanga. Bibi hakutaja miaka kwa namba. Kulikuwa na mwaka wa nzige, mwaka wa Operesheni walipoacha tembe lao na kuhamia kijiji cha ujamaa, na mwaka wa matinga. Operesheni Dodoma ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini wakati huo alishakuwa mama wa watoto watano, kwa hiyo haikunisaidia. Nikayashika matinga.

Hayo ni matrekta ya mradi wa karanga. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha, Waingereza hawana mafuta ya kula ya kutosha, serikali yao ikaamua kufyeka pori la Kongwa walime karanga. Kazi ikaanza 1947. Bibi alipenda kusimulia mibuyu ilivyoyagomea yale matinga, na udongo ulivyokauka kiangazi ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. "Nchi iliwashinda," alikuwa akisema, huku anamimina kwenye kinu karanga zake mwenyewe za kuungia mlenda. Harufu ya zile karanga zikianza kupondeka ninayo mpaka leo.

Lakini matinga yalipofika yeye alikuwa na umri gani? Hilo hakulisema, nasi hatukumuuliza. Alibaki mtu mmoja wa kujua, mwenzake aliyechunga naye mbuzi utotoni, anaishi kijiji cha pili. Nikamfuata na kilo mbili za sukari na doti ya khanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kunililia mwenzangu?"

Siku ile hatukuzungumza la maana, tulilia tu. Nikarudi wiki iliyofuata, nikamuuliza matinga yalipokuja wao walikuwa wakubwa kiasi gani. Akanyamaza kidogo. Kisha akafungua kinywa, akaweka kidole kwenye ufizi wa mbele.

"Hapa. Mwenzangu alikuwa hana kitu hapa."

Akaniambia waliacha mbuzi wakakimbilia mngurumo. Bibi akasimama pembeni ya vumbi anacheka, pengo wazi, na dereva naye akacheka alipomwona. "Langu mimi lilikuwa linacheza. Jioni nikaling'oa, nikalitupa juu ya tembe." Wakapigwa wote wawili, maana mbuzi waliingia kwenye mtama wa watu.

Nilipanda bodaboda kurudi huku nahesabu kichwani. Meno ya mbele mtoto huyang'oa akiwa na miaka sita, saba. Ukitoa kwenye 1947 unapata 1940 au 1941. Na mjomba akiwa wa 1959, basi alimzaa akiwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa. Inakaa sawa.

Niliwaeleza ndugu usiku wa kuamkia arobaini, tumekaa kwenye mkeka. Mama mdogo hakubisha tena. Mjomba ndiye aliyenishangaza. Mzee yule ambaye hakutoa chozi siku ya mazishi alijifunika uso kwa kofia yake. "Kumbe alikuwa binti mdogo hivyo," akasema. "Alinibeba mgongoni akiwa binti mdogo hivyo."

Tukakubaliana 1940. Fundi akaichora saruji ikiwa bado mbichi, kwa ncha ya msumari, taratibu.

Yule bibi mwenzake tulimfuata kwa gari aje aone. Kusoma hajui. Akaomba aonyeshwe ni wapi pameandikwa mwaka, akapitisha kidole juu ya kila tarakimu, kisha akanishika mkono.

"Na mimi," akasema, "mje mniandikie huu huu."