Siku moja maishani mwangu: kuuza wazo la Siku ya Kiswahili kwa kamati ya sacco

Saa kumi na moja asubuhi, Rongai. Baridi ni ile ya kukuuliza kwani ulizaliwa kufanya kazi. Stima iko, laptopu imejaa chaji, chai nakunywa nikiwa nimesimama. Leo alasiri naenda kuomba kamati ya sacco moja hapa mjini, chama cha akiba na mikopo, itugharimie tamasha la watoto la Siku ya Kiswahili Duniani, ushairi, ngonjera, hadithi, yaani siku nzima ya watoto.

Saa kumi na mbili na kitu niko ndani ya matatu ya 125, muziki juu kabisa, mimi nasoma slaidi kwa simu.

Saa mbili, ofisini. Jamaa wetu wa dizaini ametia jahazi na machweo ya Lamu karibu kila slaidi. Inapendeza kweli, ila hawa ni watu wa kukopesha pesa bana, machweo watayafanyia nini? Nimebakisha jahazi moja tu kwenye jalada.

Slaidi iliyonila asubuhi yote ni ya tarehe. Kwa nini 7 Julai? Hadithi yake ni tamu: 7 Julai 1954 TANU, chama cha Nyerere kule Tanganyika, ilikipitisha Kiswahili kiwe silaha ya kupigania uhuru, 7 Julai 2000 mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ukaanza kazi, halafu Novemba 2021 UNESCO wakaitangaza siku yenyewe. Lakini sisi ni wa Nairobi, na hapa 7 Julai ina jina lingine, Saba Saba, tangu ule mkutano wa Kamukunji wa 1990 wa kudai vyama vingi, ambao wanasiasa walioutisha, Matiba na Rubia, walikamatwa hata kabla haujafika. Na 2025 si mliona, polisi walifunga barabara za kuingia tao, watu wakaenda kazi kwa miguu. Sasa mwambie mzazi alete mtoto wa darasa la nne hadi Kenya National Theatre, pale karibu kabisa na chuo kikuu, siku kama hiyo! Kwa hivyo nimeandika Jumamosi, 4 Julai. Bosi wangu hakufurahi, anasema tunaikimbia siku yenyewe. Nikamwambia boss, mgeni rasmi akikwama Museum Hill tamasha litafunguliwa na nani? Akanyamaza, nikasevu.

Saa nne ni simu tu. Fundi wa saundi amenitumia kwotesheni kwa WhatsApp, picha ya karatasi ya daftari, "spika kubwa 4, maiki, jenereta", jumla imepigiwa mstari mara mbili. Bei ni nzuri sana, ila mweka hazina akiiona hiyo atacheka mpaka alie. Nimemsihi ainakili upya na PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi, na aseme kama VAT ya asilimia 16 iko ndani au nje, manake hapo ndipo bajeti nyingi hupasukia.

Saa saba, chapo madondo kwa kibanda, haraka.

Saa nane ndio muda tuliopewa. Tumeitwa saa tisa kasorobo. Projekta yao ina mstari wa zambarau katikati, bahati nzuri nilibeba makopi ya karatasi, na hata kabla sijasema habari zenu, mzee mweka hazina ameshafungua ukurasa wa mwisho. Wa pesa. Nyerere wangu wote akabaki huko nyuma. Basi nikaanzia hapo hapo alipo, mstari kwa mstari, mpaka asilimia 10 ya dharura.

"Binti yangu, hii dharura ni ya nini na Julai hainyeshi?"

"Mzee, ni ya jenereta na mafuta, stima ikipotea watoto wakiwa jukwaani."

Akaweka tiki kwa penseli. Mama mwenyekiti ndiye aliyeuliza mbona isiwe Jumanne yenyewe, 7 Julai, shule ziko wazi, walimu wataleta watoto kwa mabasi. Swali la haki kabisa. Nikamwambia, "Mama, basi la shule likizuiwa pale barabarani ni jina la sacco litakalotajwa kwa grupu za wazazi." Wakatazamana wao kwa wao, na hiyo slaidi ya tarehe sikuulizwa tena.

Saa kumi na moja jioni simu. Wamepitisha! Ila tisheti zote zimekatwa, na watoto wa wanachama wakae viti vya mbele. Viti sawa. Tisheti niliziweka makusudi, kamati lazima ikate kitu, na heri ikate tisheti kuliko saundi. Kesho asubuhi ni deposti ya ukumbi kabla kikundi kingine cha maigizo hakijaichukua hiyo Jumamosi.